Kwa Dada wa Kitanda cha Juu: Sasa Ninakaa Kulia

Dada Zaituni wangu wa kitanda cha juu,

Salaam aleikum, na Bwana asifiwe pia, maana ulikuwa unazitaka zote mbili. Nakuandikia hadharani kwa sababu namba yako ya huko kwenu Masaka, Uganda, haipatikani tangu Ramadhani, na yule binamu yako uliyeniachia namba yake hunijibu kwa Kiganda kisha hukata. Sijui anadhani mimi ni nani. Basi nimeamua kuiweka barua hii kwenye ukurasa wetu wa Waafrika Mashariki wa Dubai, ule wa kuuza majiko na kutafuta vitanda vya kupanga. Atakayekufahamu akusomee. Na asome polepole, maana wewe hukubali neno mpaka lirudiwe.

Ninaondoka Satwa, mtaa wetu wa hapa Dubai. Nimeacha kazi ya ulinzi, nimerudisha sare, wakaikagua mpaka mkanda. Khalas, yamekwisha. Ninakokwenda nitakueleza, lakini subiri kidogo, nataka kwanza hawa wanaosoma wajue wewe ni nani kwangu.

Unakumbuka siku nilipobandika lile bango? Nilikuwa nimelichapisha kwa yule Mhindi wa mabango nyuma ya mafundi cherehani: picha kubwa ya chumba cha marubani, kila swichi na kila kisahani mahali pake. Nililibandika kwenye ubao ulio chini ya godoro lako, ili nikilala chali liwe mbele ya macho yangu. Ukaning'iniza kichwa kutoka juu, kitambaa kikikaribia kudondoka, ukauliza huu ni uchawi wa wapi. Nikakwambia mimi ni rubani. Ulicheka, dada, mpaka dabodeka yetu, kitanda kizima cha juu na chini, ikalia. Nikakuonyesha leseni. Ukaigeuza mbele na nyuma, halafu ukauliza swali ambalo kila mtu huuliza: sasa mbona unasimama mlangoni pa duka la viatu?

Nilikujibu siku ile, na hawa nitawajibu leo. Kupata leseni ni kitu kimoja, kupata ndege ni kingine kabisa. Kila kampuni niliyobisha hodi, Nairobi na kwingineko, ilitaka mtu aliyekwisha kuruka saa nyingi, na saa hizo huzipati mpaka kampuni ikupe ndege. Leseni nayo haikusubiri. Kila mwaka inataka daktari wa marubani, kila mwaka inataka mtihani, na yote ni kwa pesa yako; ukizembea, inalala na huruhusiwi kuruka. Na nyuma ya hayo yote lilikuwa shamba la chai la Baba. Baba aliweka hati yake rehani Sacco, chama cha mikopo, ili nisome, na kanisa likafanya harambee kwa sehemu iliyobaki. Siku hiyo mchungaji alinisimamisha mbele akasema, "Huyu ndiye Kapteni wetu." Basi jina langu likaishia hapo. Mpaka leo hata wanaopima majani ya chai kituoni humwuliza Baba, Kapteni amefika wapi?

Kapteni alikuwa amefika Satwa, akiwafungulia watu mlango. Mshahara wangu ulipita Sacco kwanza, kisha ndio tumbo langu likaangaliwa. Nikiteleza, shamba linakwenda. Hilo ulilijua, ndiyo maana hukunicheka tena.

Marubani wana mazoezi yao ya bure. Unakaa kitini, unafumba macho, na mkono unaenda kwenye swichi isiyokuwepo mpaka uijue njia. Mimi niliyafanya nikiwa nimelala, kwa sababu chumba chetu hakikuwa na nafasi ya kiti. Wewe ulilala juu umeshika karatasi ya maneno yale tunayosomeana kabla ya kuruka: unataja kitu, mimi nakigusa na kujibu. Mafuta? Yapo. Mabawa? Tayari. Lakini wewe ulikuwa na ugonjwa wako ulioutoa hotelini ulikosafisha vyumba. Uliwahi kukatwa mshahara kwa kusema chumba kiko tayari kumbe taulo moja haipo, na tangu hapo hukuamini jibu la haraka la mtu yeyote. Nikijibu tu kwa mazoea, sauti inashuka kutoka juu, taratibu, bila ugomvi.

"Umetazama, au umesema tu?"

Wallahi ulinichosha. Nilikuwa najua kwamba nimesema tu, na wewe ulikuwa unajua, na ilibidi tuanze upya. Tukimaliza bila kosa unakunja karatasi, unajinyoosha, unasema, haya, tupeleke Entebbe. Kila siku Entebbe, uwanja wa kwenu. Nikakwambia kitanda hiki kina safari moja tu, ukasema ndiyo, na mafuta yake hayaishi.

Halafu ikaja ile kampuni ya mizigo iliyokuwa ikitafuta vijana wapya, mtihani ukafanyikia hapa hapa Dubai, kwenye mtambo unaoigiza ndege bila kuondoka sakafuni. Ulinipigia pasi shati mpaka kola ikasimama yenyewe. Ukanipa viatu vyako vyeusi, vikubwa kwangu, tukavijaza karatasi za chooni kwenye vidole. Nilitoka nikijiamini, na sababu nilikuwa nayo.

Wakanikalisha kulia. Ni kawaida hiyo, jamani, hata mtoto wa siku ya kwanza darasani anajua: kapteni hukaa kushoto, msaidizi wake kulia, na mwajiriwa mpya ni msaidizi. Mimi nilijua. Lakini ndege ndogo za kujifunzia zilinizoesha kushoto, na kwenye kitanda chetu ukuta ulikuwa kushoto kwangu, nikaufanya dirisha la kapteni. Na niseme wazi, nilipapenda. Mtu akiitwa Kapteni na kanisa zima, hakubali kulala upande wa msaidizi. Basi mtahini akasema niongeze nguvu za injini. Mkono wangu wa kulia ukachomoka kwa kasi, ukagonga dirisha. Vishikio vya nguvu vilikuwa kushoto. Akasema tena. Nikagonga dirisha tena. Yule mzee alikuwa mstaarabu. Mwishoni aliniambia kazi ninaijua vizuri sana, ila nimekuja nikiwa nimekalia kiti ambacho hakuna aliyenipa bado.

Kazi sikuipata, nikaumia, dada. Nilirudi kwa basi nikitazama mkono wangu kama wa mtu mwingine.

Na mtu akiumia, wa kumfariji kwa malipo hakosekani. Wakala mmoja alinikuta bado nina kidonda. Tulikutana mkahawani mtaa wa Al Baraha, ananukia udi na marashi, ana picha za vijana wenye mistari ya urubani mabegani. Alisema nikilipa, nitafundishwa ndege kubwa, kisha nitaruka na shirika moja huko Asia mpaka nipate zile saa ambazo kila mtu anazitaka. Nilimpigia Baba papo hapo. Baba hakuvuta hata pumzi. Alisema jirani mmoja amekuwa akikitaka kipande cha juu cha shamba siku nyingi, Sacco watazungumza naye, mambo yatakuwa sawa. Nilifurahi, kusema kweli. Nikaingia chumbani nikipepea mkataba alionipa wakala na kuimba.

Ulikuwa unakunja nguo. Ulinisikiliza mpaka mwisho, na mimi nikawa nasubiri unipigie vigelegele. Ukauliza tu, kwa sauti ile ile ya kila siku, kama nimetazama, au nimesema tu.

Nilinuna. Lakini niliketi kwenye kitanda changu nikausoma mkataba ule kwa sauti, mstari kwa mstari, wewe ukiendelea kukunja. Malipo yalikuwemo. Saa za kuruka zilikuwemo. Kutorudishiwa pesa kulikuwemo, tena mara mbili. Neno kazi halikuwemo. Zile saa zikiisha, ningeshushwa na mwingine aliyelipa angepandishwa, na mimi ningerudi kwenye foleni ile ile bila shamba. Wapo waliopita njia hiyo wakatoka upande wa pili, siwacheki, kila mtu anajua alichoshika mkononi. Mimi nilichoshika kilikuwa chai ya Baba yangu. Nilimpigia tena nikamwambia asiuze. Akauliza kwa upole kama nimekata tamaa.

"Sijakata tamaa, Baba," nikamwambia. "Nimekataa kununua kazi."

Niliipenda sauti yangu siku ile. Wewe pia uliipenda, ingawa ulijifanya unatafuta soksi.

Wiki hiyo hiyo ukaamua tutengeneze kulia. Tukalibandua bango, tukaligeuza, na mimi nikaanza kulala kichwa kikiwa mahali pa miguu, ili ukuta uwe kulia kwangu. Ilionekana rahisi. Kumbe sasa kichwa changu kimefika mlangoni. Kila anayetoka shifti anausukuma mlango, unanigonga utosini. Kiyoyozi kinanipulizia sikio. Na Mama Brayo, Mkenya mwenzangu wa kitanda cha pili, akaweka mgomo: kwao ni maiti tu anayelazwa kichwa mlangoni, na yeye hakulipa kodi ya kulala na maiti.

"Huyu ni maiti anayejibu," ukamwambia. "Msikilize." Ukaanza kusoma karatasi, nami nikajibu, na Mama Brayo akacheka mpaka akasahau mgomo.

Mkono wangu wa kulia haukutaka kuacha tabia yake, wewe ukaufunga kwenye chuma cha kitanda kwa shela yako ya kijani. Ndivyo wa kushoto ulivyojifunza. Nilikuwa mlinzi mchana, na jioni nilikuwa mtu aliyefungwa kitandani akijibu maswali, na nakwambia, sijawahi kuwa mwenye furaha kama hivyo.

Halafu hoteli yako ikapunguza watu. Hukulalamika, ulisema mkataba umeisha na riziki haina hoteli moja. Tulipofika uwanja wa ndege ulinikumbatia, ukaniachia ile shela, eti huko Masaka hakuna mtu wa kumfunga. Ulipopita kwenye ukaguzi sikuondoka. Nilisimama pale nikaisoma orodha yote kimoyomoyo, kila kitu mahali pake, mpaka nikahisi mmeruka. Ndiyo safari ya kwanza ya kweli ya Entebbe tuliyofanya, na mimi sikuwemo. Nimekukosa sana, dada. Kitanda cha juu amekuja msichana mwema, lakini anakoroma na hana maswali.

Sasa habari yenyewe. Likizo yangu ya mwaka huu niliimalizia Nairobi, kwenye mtihani wa kampuni ndogo yenye ndege za mapangaboi, zinazobeba mizigo na dawa kwenda mahali ambako uwanja ni murram, udongo mwekundu tu, na mbuzi hufukuzwa kwanza. Wakanikalisha kulia. Mtahini akasema niongeze nguvu, na mkono wa kushoto ukaenda wenyewe, laini, kama unaochukua kikombe mezani. Alipoanza kunisomea orodha, nilijibu kila kitu baada ya kukitazama. Akauliza mbona sina haraka kama wenzangu. Nikamwambia nilikofundishwa, jibu la haraka halikubaliwi. Akaendelea kusoma. Nimeajiriwa.

Usianze kucheza ngoma, sikiliza yote. Mkataba ni wa mwaka mmoja. Nimeutazama, tena kwa sauti, na neno kazi limo. Gharama ya kunifundisha ndege yao watanikata kidogo kidogo, na mshahara wa kuanzia haujaupita sana ule wa mlangoni. Mwaka ukiisha wanaweza kuniambia asante, kwa heri, na hati ya shamba bado iko Sacco. Najua yote hayo. Siogopi. Mtu aliyelala kichwa mlangoni kwa ajili ya kazi hatishwi na mkataba mfupi, na kila saa nitakayoruka sasa ni yangu. Hakuna atakayeniambia nimeinunua. Shamba litarudi mikononi mwa Baba, tena likiwa zima.

Entebbe hatutui. Nimeuliza, tena mara mbili, mpaka mkuu wa safari akataka kujua nina nani huko. Nikamwambia nina mwalimu wangu.

Bango nimelibandua leo asubuhi, limeacha alama ya gundi ambayo mwenye nyumba ataidai. Shela nimeifunga kwenye mpini wa begi.

Jana nilimpigia Baba. Alitaka kuwakusanya watu kanisani wampokee Kapteni. Nikamwambia, Baba, mimi bado si kapteni, mimi ni msaidizi wa rubani, nakaa kiti cha kulia. Niliogopa kwamba nimemvunja moyo. Kumbe alikuwa anafikiria jambo lingine.

"Kulia ni upande gani ndege ikiwa inakuja kwangu?" akauliza. "Nijue nitazame wapi."

Nikamweleza, dada, taratibu, kwamba ndege ikija kwake kulia kwangu ni kushoto kwake, na nikamfanya arudie.

Kaa salama huko uliko. Namba yangu ya Nairobi ni ile ile ya zamani, unayo. Ukipiga nisipopokea, jua niko juu, nimekaa kulia, natazama.

Mdogo wako,
wa kitanda cha chini