Makohozi ya Mwezi wa Funga

Jumatatu, Ramadhani 4
Nashona viroba tangu asubuhi. Tangu dhahabu ionekane hapa Genkuru hakuna anayetaka suruali. Wanataka viroba vya kubebea mawe. Karasha, mashine ya kusaga mawe, inanguruma jirani, vumbi linaingia hadi kwenye bobini ya cherehani. Funga inakwenda vizuri. Dawa zangu za pumu za kuvuta, ya kahawia na ya bluu, nimeziacha zote. Kuvuta dawa ni sawa na kula, ndivyo ninavyoona mimi. Shehe yuko Tarime mjini, sikumwuliza. Tangu nibalehe sijaacha funga hata moja, na sitaanzia Genkuru.

Alhamisi, Ramadhani 7
Makohozi. Mazito, yanavutika kama mlenda. Nikiyameza naogopa funga itaharibika, kwa hiyo natema. Kopo liko chini ya cherehani. Mchimbaji mmoja aliyefuata viroba amelitazama akasema, "Fundi, hayo ni mavumbi ya mawe. Kunywa maziwa mengi, yatatoka yote." Nimekunywa baada ya kufuturu. Hayakutoka.

Jumatatu, Ramadhani 11
Kifua kinapiga filimbi. Zuhura, mke wangu, amenisihi nivute dawa. Nimemfokea. Amenijibu kwamba maiti hafungi. Imeniuma, kwa sababu ni kweli.

Jumatano, Ramadhani 13
Baada ya adhuhuri pumzi ilikataa. Zuhura aliita bodaboda, akakaa nyuma yangu kunishikilia hadi zahanati. Wamenivutisha mvuke wa dawa. Niliogopa kufa. Sikuwaza funga hata kidogo.

Alhamisi, Ramadhani 14
Nimerudi zahanati na Zuhura. Daktari ni binti wa Kikurya. Ameniamkia shikamoo kwanza, ndipo akanigombeza. Vumbi limechokoza tu, anasema. Makohozi nayatengeneza mwenyewe. Askari wa kinga mwilini mwangu wanaliona vumbi, wanadhani adui kavamia, wanatuma ishara. Mojawapo ina jina refu lenye namba kumi na tatu. Ikifika kwenye ukuta wa njia ya hewa, chembe hai za pale zinageuka na kuanza kutoa ute. Ishara zisiponyamazishwa, chembe za ute zinaongezeka, njia inaziba. Nimetema wiki nzima, kumbe kiwanda kinaendelea na kazi. Dawa ya bluu inatanua njia tu. Ya kahawia ndiyo inayotuliza askari, polepole, siku baada ya siku.

"Mzee, hiyo ya kahawia ni mara mbili tu kwa siku," amesema. "Ungevuta wakati wa daku na baada ya kufuturu. Nani alikuambia uache?"

Hakuna. Mimi.

Sasa kuna vidonge, na ya bluu hata mchana, na maji ya kutosha. Nisifunge mpaka kifua kitulie. Njiani kurudi nyumbani nimelia, na Zuhura amejifanya hakuona.

Ijumaa, Ramadhani 15
Sikufungua duka. Nimevuta ya bluu mchana, mlango nimeufunga. Nina hasira. Niliacha dawa ili kulinda funga, na funga imenitoka kwa kuacha dawa. Angekuwa mwingine ningemcheka.

Jumapili, Ramadhani 17
Makohozi yamelainika. Filimbi imebaki kidogo, upande mmoja.

Saa sita mchana Zuhura amenipikia uji wa ulezi, mwenyewe akiwa amefunga. Nilitaka kunywea ndani. Ameweka kigoda nje mlangoni, watu wakipita. Nimeshika bakuli muda mrefu kabla ya kuonja.

"Hauna sukari," nikamwambia.

"Ningejuaje? Mimi nimefunga."

Nimecheka. Nilisubiri kikohozi kifuate, hakikufuata. Ameleta sukari, akakaa nami mpaka nikamaliza.