Anwani ya Ingosi

Mjukuu wangu Muhonja,

Mulembe huko uliko. Sisi tu wazima. Mahindi yamekomaa, na babu yako bado anabishana na redio. Umeniuliza ufanye nini kompyuta yako ikikwama kwenye mtandao inapowaka.

Miaka ya tisini nilikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi moja Kakamega. Asubuhi moja niliwasha mashine mpya ya Linux, nikaipa anwani ya mtandao iliyokuwa ya mashine ya Ingosi, mwenzangu tuliyekuwa tumemzika Likuyani. Ikakwama, ikaandika: anwani hii inatumiwa na mashine nyingine. Nikawasha tena. Jibu lile lile. Lakini chumba chake kilikuwa kimefungwa tangu mazishi.

Karani wetu, Mama Khavere, akaninong'oneza: "Yake hatukuzima. Moto wa matanga hauzimwangi kabla ya siku zake kuisha."

Tukafungua chumba. Mashine ilikuwa inanguruma, ina joto, na kiti kimevutwa nyuma kidogo. Nikasema, "Pumzika, Ingosi," nikaizima.

Yako ikikwama, mama, tafuta kwanza ni nani anayeitikia kwa anwani hiyo.

Yangu niliiwasha tena, ikaingia mtandaoni bila pingamizi. Nilikuwa nimetamani ikwame.

Kukhu wako