Mawe ya Nusu Nyuma ya Kitanda

Baba,

Ni mwezi wa nne sasa tangu tukuzike kule juu ya shamba la kahawa, na leo ndiyo mara ya kwanza nimeweza kuketi nikuandikie. Hapa Kanyakine si kubaya. Mvua ilikuja kwa wakati. Mwiko wako wa kujengea Mama aliuchukua, anapanda sukuma wiki nao, na najua ungeng'aka. Kamba na timazi nimeziweka chumbani kwangu kabla hajazipatia kazi nyingine.

Nina jambo la kukuambia, ila niache nianzie mbali kidogo.

Unakumbuka zile wiki za kifua, daktari amekukataza kazi ya mjengo, nawe umekuwa mkali kwa kila anayepita mlangoni? Nilikuwekea kompyuta mapajani nikakuonyesha mchezo wa kujenga nyumba niliokuwa nawatengenezea wanafunzi wangu wa Mitunguu. Uwanja wake umechorwa miraba kama daftari la hesabu. Unachukua kitu, ukikiachilia kinavutwa chenyewe na kutulia kwenye mraba ulio karibu. Ulicheka, ukasema hiyo ni kazi ya wavivu. Kufikia Ijumaa ulikuwa umeanza kumjengea Mama nyumba ya mawe, ile uliyomwahidi kabla sijazaliwa, halafu ukatumia maisha yako yote kujengea watu wengine.

Siku moja ukaniita. "Kendi, hii kitanda imekataa ukuta."

Ilikuwa kweli. Stuli ya mraba mmoja ilikaa sawa, lakini kitanda cha miraba miwili kiliacha pengo la nusu mraba kati yake na ukuta. Ukaniambia shida ni kwamba mimi navuta kila kitu kwa katikati yake, na vitu havilingani ukubwa. "Sisi tunaanza na kona. Kona ikikaa, kitu ikuwe kubwa ama ndogo, itakaa." Nami nikakujibu bila hata kukuangalia: "Baba, hii ni kompyuta, si mjengo."

Kesho yake ukaniomba nikutengenezee jiwe la nusu, lisilovutwa na miraba, la kuweka kwa mkono. Nikakutengenezea nikidhani ni mazoea tu ya mafundi. Ulimaliza paa siku chache kabla ya kifua kukuzidi.

Wiki iliyopita wanafunzi walianza kuujaribu ule mchezo. Haikuisha nusu saa kabla mmoja hajasema, "Mwalimu, tanki yangu ya maji inaingia kwa ukuta." Nikamwambia hajaliweka vizuri. Akaliweka tena, likaingia tena, na msichana wa watu akaomba msamaha. Hapo ndipo nilipokukumbuka. Nilirudi nyumbani nikafanya vile ulivyosema, kila kitu kivutwe kwa kona yake. Ilinichukua mchana mmoja. Kitanda, stuli, tanki, vyote vikakaa.

Ikabaki nyumba yako. Ningeifungua kwa utaratibu mpya, vitu vyote vingesogea, na hiyo ndiyo kazi ya mwisho ya mikono yako. Niliogopa, Baba. Ningeweza kuiacha chini ya utaratibu wa zamani, ikae vile ulivyoiacha, isiongezwe hata kigoda. Nilikuwa nimeamua hivyo kabisa. Jumamosi baada ya chakula cha mchana nikamwonyesha Mama. Alipita chumba kwa chumba, mkono mdomoni. Mwisho akauliza, "Na kuku zangu nitaweka wapi?" Nikamweleza kwamba hakuna kitu kinachoweza kuongezwa, nisije nikakuharibia. Akaniuliza, "Alinijengea nikae ama alinijengea niangalie?"

Basi nikaifungua. Vitanda, kabati na meza vilisogea vikagusa kuta, na mawe ya nusu, kwa kuwa hayavutwi, yakabaki pale pale na kutokeza. Yalikuwa nyuma ya kitanda, chini ya kabati, kando ya jiko. Sikuwa nimewahi kuyaona. Kila mahali nilipokuwa nimekosea mimi, wewe ulikuwa umeziba, na umeziba vizuri, jiwe limepangana na jiwe. Ulijua uko sahihi. Uliona mwanao hataki kusikia, ukaamua kumfichia kosa lake ili asiaibike. Nililia mbele ya Mama, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi hakuniambia ninyamaze.

Tuliyaondoa moja moja, yeye akinionyesha kwa kidole na mimi nikitoa. Nisamehe kwa kuyabomoa. Nisamehe zaidi kwa lile jibu. Nyumba imesimama vizuri bila hayo mawe, mlango wa jikoni unafunguka mpaka mwisho, na banda la kuku Mama ameliweka chini ya dirisha la chumba chenu cha kulala. Najua ungekataa katakata. Nimemwacha, ni nyumba yake.

Pumzika, Baba. Nakushukuru kwa kunisitiri, lakini sasa nataka kubeba makosa yangu mwenyewe. Nakuahidi hivi: Jumatatu asubuhi nitasimama mbele ya darasa, nimwombe yule msichana msamaha, niwaambie wote kwamba tanki halikuwa kosa lao. Lilikuwa langu, na fundi mmoja wa Kanyakine alikuwa ameniambia.

Binti yako,
Kendi