Mzee mwenye kitabu kilichofungwa

Mjukuu wangu Tusekile,

Ugonile huko Kanada? Sisi Kinyala tumeamka salama. Babu yako magoti yanamsumbua, ila mdomo mzima.

Unasema rafiki yako alikukaribisha kwenye darasa la jioni la Wayahudi, ukamwambia mzee uliyepangwa kusoma naye kwamba amekosea. Sasa unaona haya kurudi.

Usichanani nilikuwa mpishi Nairobi kwa familia ya Kiyahudi. Kila Jumatano walikuja wazee kwa vijana, wakaketi wawiliwawili na kubishana juu ya vitabu vyao. Nilidhani wanagombana. Jioni moja binti mdogo akamwambia mwenzake mwenye mvi, "Babu, hapo umekosea." Nikasimama na birika nikingoja kofi. Mzee akasogeza kiti. "Haya, nionyeshe." Akamsikiliza mpaka chai ikapoa, kisha akacheka. "Umenishinda."

Mimi shuleni niliuliza, saba mara sifuri ikiwa sifuri, ile saba imekwenda wapi? Nikachapwa kwa kiherehere. Hesabu nilijifundisha mwenyewe sokoni nikiuza ndizi, na mwalimu yule bado sijamsamehe.

Jioni ileile ya Nairobi mzee mwingine alikaa tu, kitabu kimefungwa. Nikamuuliza mama mwenye nyumba, huyu mbona hasomi?

"Mwenzake hajaja," akasema. "Atasomaje bila wa kumbishia?"

Kwa hiyo rudi, mama. Mzee wako amekaa tu huko.

Bibi yako wa Kinyala