Swali Nililokosea Kuuliza

Chumba namba 14,
Ofisini.
9 Machi

Mpendwa Dada,

Hujambo huko uliko? Na shemeji, goti lake limepata nafuu? Sisi tu wazima, na Mama anazidi kunenepa ingawa mwenyewe anakataa.

Unajua nilivyojivunia kazi hii ya utafiti wa nishati. Mwaka jana tulipita nyumba mia sita, ya Mama ikiwemo, kuuliza kama zina jiko la gesi. Karibu zote zilijibu ndiyo. Kwa takwimu hizo wakubwa wakapiga hesabu ya hewa ukaa iliyopungua, wakaandika sera kwamba mpango wa kusambaza majiko ya gesi umekamilika. Nilitembea kifua mbele, Dada.

Kwa Mama huwa nakwenda jioni, nakuta chakula mezani. Jumapili moja nikawahi, nikamkuta anapuliza mkaa, macho mekundu. Jiko la gesi lipo kwenye kona, limefunikwa kitambaa, juu yake redio.

"Mama, mbona hulitumii?"

"Mtungi ukiisha nani ataupandisha ghorofa ya tatu? Wewe? Mkaa nanunua kopo kopo hapo chini." Akacheka. "Na nyie mliniuliza kama ninalo. Ninalo. Hamkuniuliza napikia nini."

Swali lile nililitunga mimi.

Kesho yake niliingia kwa mkurugenzi, yule tunayemwita Rula kwa kunyooka kwake. Sera ilikuwa isainiwe Ijumaa. Akanisikiliza, akasema, "Una wiki tatu. Kahesabu upya."

Tukarudi nyumba zilezile. Safari hii tuliuliza chai ya asubuhi imechemshwa kwenye jiko gani, tukaomba kuona jikoni. Zaidi ya nusu walikuwa kwenye mkaa. Ile hewa chafu tuliyodai imepungua, nyingi yake ilikuwa bado ipo.

Kwenye kikao mkubwa mmoja alinikaripia mbele za watu, eti nimeiaibisha ofisi. Sikujitetea; kosa lilikuwa langu kweli. Lakini sera haikusainiwa. Imeandikwa upya, na sasa inataka mitungi midogo ya kubebeka na vituo vya kuijazia humohumo mitaani. Uongozi wa utafiti niliokuwa nao amepewa mwenzangu. Inauma, sitakuficha. Nawaza tu, ningenyamaza wiki ile moja, makosa yangu yangekuwa sheria, na hakuna ambaye angejua.

Leo asubuhi mwenzangu huyo ameniwekea fomu mpya mezani. "Isome kabla hatujatoka," akasema. "Nitafutie nilipokosea."

Nimekaa nayo mpaka saa hii ya chakula. Nimeshapata mawili.

Nisalimie shemeji na wale mapacha watundu. Mama anakusalimu, na mjomba fundi saa anauliza utakuja lini. Mungu awalinde, awape siku za amani.

Ni mimi nikupendaye bila kipimo,
Kitindamimba wenu