Kona Isiyolimwa

Jumamosi, jioni. Mvua ya Njoro ilinikuta shambani na viatu bado vina matope hapa mlangoni. Nimepima presha mara mbili, iko sawa. Kilichoniuma leo ni kingine.

Miaka mitano iliyopita, nikiwa na thelathini na tisa, nilipata mshtuko wa moyo nikiwa kazini hapa Nakuru. Tangu hapo nimekuwa mtu wa nidhamu hadi najichosha mwenyewe. Tembe kila asubuhi. Chumvi tuliagana. Natembea kutoka nyumbani Kaptembwo hadi mjini na kurudi, hata watu wa boda wamechoka kuniita. Nataka kuzeeka, basi.

Nilidhani nyumbani wanataka hivyo pia.

Leo nilienda kwa mama, kule Njoro, kusaidia kupanda viazi. Ile kona ya juu, kando ya kaburi la baba, imejaa nyasi. Misimu yote hii nimekuwa nikisema ni uvivu wa ndugu yangu Mwangi, maana yeye ndiye hulima. Nikachukua jembe, nikaanza.

"Hapo wachana napo, bro," Mwangi akasema.

Nikamuuliza kwa nini. Akamwangalia mama.

Mama akapangusa mikono kwa leso. "Ni mimi nilisema pasiguswe. Ukiwa ICU tulikaa chini, tukaonelea ulale karibu na baba yako."

Miaka mitano! Krismasi tano nimekula pale uani wakiniambia nimenawiri, na kila mmoja anajua shimo langu litachimbwa wapi. Hata mke wangu alijua. Nilipompigia aliniuliza tu kama nimemeza dawa.

Kikulacho ki nguoni mwako. Wangenichukia ningejua la kufanya, lakini wananipenda, na hilo ndilo linaniudhi zaidi. Kupanga nikiwa na mipira puani, naelewa. Lakini nilipotoka hospitali, nani aliwaambia waendelee kungoja?

"Mama, mimi niko hapa," nilimwambia.

"Naona," akajibu, macho yake yakiwa kwenye nyasi.

Nililima kona yote, polepole, nikipumzika kila mstari nilivyofundishwa kliniki. Kisha nikaenda kwa jirani anayeuza miche, nikaomba avokado. Akanitolea ile ya kisasa, inayozaa haraka. Nikakataa, nikachagua ya kienyeji.

"Hiyo utangoja miaka, mzee," akanicheka.

Ndiyo hiyo nilitaka.

Niliipanda katikati kabisa ya kona. Mama akaja na karai la mbolea ya ng'ombe, akamimina shinani, akaisawazisha kwa mikono yake.

Kumsamehe, bado. Hasira ninayo hata sasa ninapoandika. Lakini Jumamosi ijayo nitarudi kuuzungushia ule mche fensi, mbuzi wasije wakaumaliza kabla sijaonja avokado yangu.