Siku Nilipotangaza Komanda Imekufa

Bunia, Alhamisi

Mama yangu,

Natumaini hii barua itakukuta na nguvu. Kama goti linakusumbua bado, acha kupanda ile njia ya shamba peke yako. Na Papa, kikohozi kimepungua? Dawa niliyotuma aimalize yote, asiache katikati kwa sababu amesikia nafuu. Miye mwili uko muzuri. Ni roho ndiyo haijatulia. Kwenye simu nilishindwa kukuambia, kwa sababu nikisikia sauti yako nitalia, ndiyo maana ninaandika.

Weye unawaambia watu wa kanisa kwamba mutoto wako Masika anafanya kazi ya ordinatere, zile kompyuta. Ni kweli, lakini acha nikueleze. Kila kituo cha afya huku kiko na mashini yake, na ndani muna dosye za wagonjwa, yaani maandishi ya ugonjwa na dawa za kila mutu. Wanachoandika kwenye kituo cha Komanda kinafika Bunia na Mahagi-Port palepale, ili mugonjwa akihamishwa, muganga anayemupokea ajue yote. Kati ya hizo mashini, moja ndiyo mukubwa, ndiyo inasema neno la mwisho. Mukubwa akinyamaza, tunaweza kuweka mwingine mahali pake, lakini kwanza lazima tuhakikishe kama yule wa kwanza amezimika kabisa. Bila hivyo watakuwa wakubwa wawili, kila mumoja anaandika yake, na hakuna anayejua ya mwenzake. Kuzuia hilo ndiyo kazi yangu.

Jumanne mukubwa alikuwa Komanda. Saa tano ya asubuhi akanyamaza.

Mama, huku kitu kikinyamaza hakuna anayefikiria batri. Wanasema amani imerudi, na kweli soko linajaa, malori yanapita, lakini kila mutu anatega sikio. Nikamupigia Bosco, mwenzangu anayelinda mashini ya Komanda. Simu haikuita. Nikarudia, bure. Yule mama anayeuza mikate kwenye mulango wa ofisi yetu akasema kuna dereva aliyegeuza lori yake njiani, amesikia risasi.

"Njia ya Komanda?" nikamuuliza.

"Ndiyo banasema. Miye sikuona."

Shefu wangu wa kazi alikuwa ndani ya ndege kwenda Kinshasa, nilikuwa peke yangu, na vituo vilikuwa vinapiga simu: dosye hazifunguki, wagonjwa wamejaa kwenye benchi. Nikangoja karibu saa nzima. Halafu woga ukanishinda. Nikaandika yale maneno ya kuambia mashini zote kama Komanda imekufa, sasa mukubwa ni Bunia. Mashini ikaniuliza kama niko na hakika. Nikajibu ndiyo. Mama, sikuwa na hakika. Ni kwamba katika akili yangu nilikuwa nimeshamuona Bosco amelala chini barabarani, na kama yeye amekufa, mashini yake ingekuwa hai kwa sababu gani?

Kazi ikaendelea. Watu wakapiga simu kunishukuru.

Saa tisa jina la Komanda likatokea tena kwenye kioo cha mashini yangu, na simu ikalia.

"Masika, ni miye Bosco."

"Bosco, uko hai?"

"Antena yetu ilianguka, na rezo, ule mtandao wa simu, ikapotea pia. Hakuna vita. Ni tairi ya lori ilipasuka, watu wakakimbia."

"Na mashini?"

"Haikuzimika. Siye tuliendelea kuandika dosye kama kila siku."

Kwa muda wa karibu masaa matatu wakubwa walikuwa wawili. Na mashini ya Bunia ilikuwa tayari kufuta yote ya Komanda, kwa sababu miye mwenyewe niliiambia kama ile ni maiti. Nikaizuia. Nikamuambia Bosco anisomee dosye moja moja, nami nilinganishe.

Kwenye jina la sita akasema: "Furaha, yule aliyezaa juzi. Penisilini ilimuvimbisha uso, akashindwa kupumua. Tuliandika asipewe tena. Saa sita tukamutuma Bunia na gari."

"Mulimupa karatasi?"

"Siku hizi tunaandika kwenye mashini tu, Masika. Ni nyinyi mulisema inatosha."

Kwangu dosye ya Furaha haikuwa na hilo neno. Nikapigia kituo cha Bunia alikotumwa, hakuna aliyepokea. Nikatoka mbio, nikapanda pikipiki. Sikumbuki njia tuliyopita.

Nilipoingia, muganga alikuwa ameshika sindano ya penisilini, na mama muzee mumoja amesimama kati yake na kitanda, mikono ameitandaza.

"Mama, utupishe," muganga alikuwa anasema. "Dosye haionyeshi kitu kama hicho."

"Dosye haikuwa kule. Miye ndiye nilikuwa kule. Niliona uso wa mutoto wangu."

"Anasema kweli," nikamuambia muganga, pumzi zikinikatika. "Kosa ni langu."

Muganga akaiweka sindano chini. Yule mama akakaa sakafuni palepale, akaniangalia.

"Weye ni nani?"

"Ni miye ninayelinda hizo mashini."

"Basi uzilinde, binti yangu," akasema.

Furaha alipewa dawa nyingine. Leo asubuhi nilienda kumuona, ananyonyesha.

Shefu alikatiza safari yake, akarudi jana, nikamuambia yote, hata ile sehemu ya "ndiyo". Hakunifukuza. Sasa mutu mumoja hawezi tena kutangaza mashini imekufa, lazima wakubaliane wawili. Na kila anayehamishwa anabeba karatasi yake mukononi. Komanda itawekwa antena ya pili, na wanatafuta mutu wa kukaa kule na Bosco miezi michache. Nimekubali kwenda. Ninaondoka Jumatatu.

Niko na woga, Mama, sikufichi. Ninaogopa ile njia, na ninaogopa kukosea tena, na hili la pili ndilo linaninyima usingizi. Kule rezo inapotea mara nyingi. Kama siku mbili zinapita bila simu yangu, usinililie. Ungoje kwanza.

Unisalimie Papa, na yaya, dada yangu mukubwa, anayeuza maharagwe sokoni, na baba mudogo mwalimu pamoja na muke wake. Nyanya umusomee hii barua polepole, lakini sehemu ya lori uiruke.

Ni miye, mutoto wako wa pili,

Masika